Tope la Ndoo

Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, kisha uilaze simu ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu yake kama jua la jioni linavyopita juu ya shamba. Kama ukuta wako ni wa bodi za jipsamu, au angalau dari yako ni ya jipsamu, utaona mambo. Mchana ulikuwa umenyooka kama karatasi. Sasa una vilima na mabonde, una vidoti vya skurubu vilivyojipanga kama vifungo vya shati, na kila baada ya futi nne hivi kuna mstari mrefu uliotuna kidogo. Mstari ule ni maungio ya bodi mbili. Fundi aliuziba, akausugua msasa, akaupaka rangi, akaondoka na pesa zake. Lakini bado upo.

Ukuta wa ndani wa karne ya 20, hasa kule Marekani ambako bodi hii ilizaliwa, una historia ndefu ya watu kupigana na mstari huo. Wapo waliojaribu kuufuta kabisa. Wengine, na ndio ninaotaka kuwafuata hapa, waliona bora waufiche: wakachukua mwiko, wakapaka ukuta mzima kitu kizito kama uji wa wimbi, wakauacha na mikwaruzo na visiwa vya makusudi. Ukiingia YouTube leo kutafuta namna ya kurembesha sebule utawakuta tele, jamaa na ndoo yake, anakuonyesha jinsi ya kulaza mwiko. Anakwambia ni urembo, na kweli ni urembo. Ila huo urembo una mambo mengi chini yake.

Tuanze na nyumba ya Mmarekani kabla ya bodi, ambayo ilikuwa binamu wa nyumba yetu ya kukandika. Usicheke. Seremala alipigilia fito nyembamba za mbao kwenye nguzo za ukuta, akiacha mwanya mdogo kati ya ufito na ufito. Kisha alikuja fundi wa plasta na mchanganyiko wa chokaa, mchanga na nywele za ng'ombe au farasi. Nywele zilishika mchanganyiko usipasuke, kama nyasi zinavyoshika udongo kwetu. Aliusukuma kwenye fito mpaka ukapenya mianyani na kujikunja upande wa pili, na mkunjo ule usioonekana ndio uliobeba ukuta wote. Tabaka la kwanza lilikwaruzwa likiwa bichi ili la pili lipate pa kushika. La pili lilinyooshwa kwa ubao mrefu. La tatu lilikuwa jembamba sana, na hilo lilipigwa mwiko wa chuma mpaka likang'aa.

Kati ya tabaka moja na jingine ulingoja. Siku kadhaa, na kama hali ya hewa ni mbaya, wiki. Nyumba nzima ilikaa na unyevu, wapaka rangi na maseremala wa milango wakisubiri zamu. Na fundi mwenyewe hakuwa mtu wa kuokotwa tu mjengoni asubuhi. Alifunzwa miaka mingi chini ya fundi mkubwa, na mafundi wa plasta wa Marekani walikuwa na chama chao tangu 1864. Ukuta laini ulikuwa saa za mtu huyu. Uliponunua ulaini ulinunua bega lake.

Hata pwani yetu hesabu ilikuwa hiyohiyo. Ingia nyumba ya mawe ya zamani pale Lamu, ile ya tajiri wa karne ya 18, utazame zidaka zilizochongwa kwenye plasta ya chokaa. Chokaa ile ilitoka kwenye matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, ikalowekwa, ikapakwa na kulainishwa mpaka ukuta ukawa mweupe kama yai. Mwenye mali ndiye aliyekuwa na ukuta laini. Aliyekosa mali alikaa kwenye udongo, na udongo ulibaki na alama za vidole.

Sasa ingia jipsamu. Ni jiwe la ajabu kidogo, kwa sababu takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani. Ukilisaga na kulioka kwenye joto la kama nyuzi 150, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka na unabaki na unga. Urudishie unga maji, nao huyanywa, hupata joto, na baada ya dakika chache ni jiwe tena. Ndiyo plasta ya Paris anayofungwa mtu aliyevunjika mkono, na jina lilitokana na machimbo ya Montmartre. Maji yale yaliyofungwa pia ndiyo sababu ukuta wa jipsamu huchelewesha moto: lazima moto uyachemshe kwanza.

Mwaka wa 1894, Mmarekani kwa jina Augustine Sackett alipewa hataza ya bodi iliyotengenezwa kwa kubandika tabaka nyembamba za plasta kati ya karatasi nzito. Alikusudia bodi hiyo ichukue nafasi ya fito, si ya plasta. Yaani bado fundi angekuja na mwiko wake kupaka juu. Mwaka wa 1909 kampuni ya United States Gypsum ikainunua biashara ya Sackett, na kufikia 1917 ilikuwa inauza bodi kwa jina la Sheetrock, moyo wa jipsamu ndani na karatasi nje, ambayo ungeweza kuipigilia, kuziba maungio, na kupaka rangi moja kwa moja. Fundi wa plasta alikuwa ameondolewa kwenye hesabu.

Watu hawakuichangamkia. Kwa zaidi ya miaka 20 bodi ilionekana ni kitu cha kubangaiza, cha stoo na vibanda. Nyumba ya mtu anayejiheshimu ilikuwa na plasta halisi, na ulijua kwa kugonga: plasta inajibu kama jiwe, bodi inajibu kama sanduku. Ilitumika kwa wingi kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1933 na 1934, lakini majengo ya maonyesho hubomolewa, kwa hiyo sifa hiyo haikusaidia sana.

Vita ndivyo vilivyobadilisha mambo. Vijana waliokuwa wajifunze plasta walikuwa jeshini, na serikali ilihitaji makambi na nyumba za wafanyakazi wa viwanda haraka. Vita vilipoisha, mamilioni ya wanajeshi walirudi wakitaka kuoa na kupata pa kukaa. Kuanzia 1947, kampuni ya Levitt ilijenga mtaa wa Levittown kwenye Long Island, nje ya New York, kama kiwanda kinavyounda magari, isipokuwa hapa gari lilisimama na wafanyakazi ndio waliosogea. Kundi moja lilipigilia, jingine likapaka, jingine likaweka vigae. Kufikia 1951 kulikuwa na zaidi ya nyumba 17,000 pale, na kuta za ndani zilikuwa bodi. (Mikataba ya mwanzo ilikataza watu weusi kuishi humo. Nalisema kwa sababu picha za mtaa ule hupendwa sana mtandaoni na jambo hili huachwa nje ya fremu.)

Kazi iliyokuwa ya mtu mmoja mwenye ujuzi ikagawanywa vipande. Seremala alipigilia bodi. Kazi ya maungio mara nyingi ilichukuliwa na wapaka rangi. Utepe wa karatasi juu ya ufa, tope juu ya utepe, subiri, tope tena pana zaidi, subiri, la tatu, kisha msasa. Naam, tope. Hilo ndilo jina wanaloliita mafundi wa Marekani mpaka leo, ingawa linatoka kwenye ndoo ya plastiki likiwa jeupe kama mtindi.

Hapo ndipo hesabu ya bodi ilipoanza kuyumba. Bodi ilikuwa imekuja kuokoa muda, lakini ulaini bado ulidai muda. Kuziba maungio ya nyumba nzima mpaka tochi yako isione kitu ni kazi ya siku nyingi na mkono mtulivu. Mjenzi aliyekuwa na nyumba 40 za kumaliza kabla ya mwezi kuisha hakuwa na siku hizo. Kwa hiyo alifanya jambo la akili, au la ujanja, utaamua mwenyewe: aliuvuruga ukuta mzima ili kosa lisionekane. Kama kila mahali pana kivuli kidogo, kivuli cha maungio kinapotea humo. Darini walipuliza vipele kwa mashine. Kutani walitumia mashine pia, au mwiko.

Mwiko ulikuwa na faida moja ambayo mashine haikuwa nayo. Ulikuja na hadithi nzuri tayari.

Hadithi hiyo ilikuwa imetengenezwa California. Mwaka wa 1915 jiji la San Diego liliandaa maonyesho makubwa, na msanifu Bertram Goodhue akayapa sura ya Kihispania: minara, matao, kuta nyeupe nzito. Watu wakapenda. Tetemeko la Juni 1925 lilipoangusha katikati ya mji wa Santa Barbara, mji ulijengwa upya kwa mtindo huohuo. Ndani ya nyumba za mtindo huu plasta iliachwa na mawimbi na alama za mwiko kwa makusudi, ionekane kana kwamba ilipakwa zamani na mtu asiye na haraka. Fundi aliyetumia miaka kujifunza kulainisha sasa alilipwa kukwaruza. Kwa hiyo bodi ilipoingia na tatizo lake la maungio, tayari kulikuwa na mteja aliyeamini kwamba ukuta wenye mikwaruzo ni ukuta wa kifahari.

Na kuta za zamani zilizoigwa, nani alizipaka? Hapa ndipo mimi hupenda kukaa. Kwenye nchi kavu ya New Mexico, watu wa asili wa Pueblo walijenga kwa udongo karne nyingi kabla ya Mhispania kufika. Padri Alonso de Benavides, katika taarifa aliyomwandikia mfalme wa Hispania mwaka wa 1630, alieleza kwa mshangao kwamba kwa watu hawa ukuta ni kazi ya wanawake, na mwanamume akilazimishwa kujenga ukuta hukimbia, na wanawake humcheka. Baadaye, hata vijiji vya Wahispania vya eneo hilo vilikuwa na wanawake mafundi wa kusiriba. Jina lao ni enjarradoras. Walipaka udongo na majani makavu kwa viganja vitupu, wakalainisha kwa kipande cha ngozi ya kondoo. Yale mawimbi ambayo msanifu aliyaita mtindo yalikuwa upana wa kiganja cha mama fulani, na urefu ambao mkono wake ulifika kabla hajahitaji kusogeza ngazi.

Kuna kanisa pale Ranchos de Taos, la San Francisco de Asís, kuta nene za udongo, limepigwa picha na wasanii wakubwa. Mwaka wa 1967 waliamua kulipaka plasta ngumu ya saruji ili wasisumbuke kusiriba kila mara. Maji yakaingia nyuma ya saruji yakakosa pa kutokea, na udongo ukaanza kuoza ndani kwa ndani. Mwaka wa 1979 saruji ikatolewa, wakarudi kwenye tope, na tangu hapo waumini hukutana kila mwaka kulisiriba kwa mikono. Wanaotunza nyumba za mawe za Lamu wanalijua tatizo hili vizuri: saruji juu ya chokaa ya zamani huziba pumzi ya ukuta.

Msomaji wa Kakamega au Siaya ameshaona ninakoelekea. Kusiriba tunakujua. Udongo na samadi ya ng'ombe, maji kidogo, kiganja kinachora nusu duara baada ya nusu duara, na sikukuu ikikaribia, udongo mwekundu au majivu hutengeneza mapambo chini ya madirisha. Ni kazi ya akina mama, ya kurudiwa kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuilipa. Tulipohamia mjini, ukuta wa aina hiyo ndio tuliojifunza kuuonea haya. Sasa kuna keja za Nairobi ambako mteja analipa fundi pesa ya ziada ili ukuta mmoja wa sebule, ule wa nyuma ya televisheni, uonekane kana kwamba umepakwa kwa kiganja. Sisemi kwa kebehi. Ukuta ule unapendeza. Ninachosema ni kwamba mapenzi yetu ya kuta hufuata saa za kazi kuliko tunavyokubali. Ulaini ulipotoka kwenye bega la fundi, ulikuwa heshima. Kiwanda kilipougawa kwa kila mtu, mkwaruzo ukapanda bei. Na huko Marekani gurudumu limeshazunguka tena: baada ya miaka mingi ya mikwaruzo na vipele vya kuficha maungio, sasa wanavikwangua wapate ukuta laini kabisa, ule wa gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu unadai mtu wa kupaka tope jembamba kila inchi.

Aliyebaki na mwiko wenye mikwaruzo ni huyu jamaa wa ndoo, anayefanya nyumbani kwake mwenyewe Jumamosi. Bodi ndiyo iliyomwezesha. Plasta ya tabaka tatu usingeijifunza wikendi moja, lakini tope la ndoo halina haraka. Haligandi kama unga wa jipsamu, linakauka tu kadiri maji yanavyopotea hewani, kwa hiyo ukikosea unakwangua na kuanza upya. Kwanza maungio lazima yawe yamefungwa kwa utepe na kuzibwa, maana mikwaruzo inaficha kivuli, haizuii ufa. Kisha tope linaongezwa maji kidogo mpaka lianguke polepole kutoka kwenye mwiko. Mwiko unabebeshwa kidogo tu, unalazwa karibu sambamba na ukuta, ukingo mmoja umeinuliwa kama unavyoinua kisu ukipaka siagi, na unapitishwa kwa mkono mwepesi katika nusu duara. Ukiubonyeza, unapaka. Ukiuachilia, unarukaruka, unaacha kisiwa hapa na uwazi pale, na huko kurukaruka ndiko wanakokutafuta. Mng'ao wa maji ukishapotea, anayetaka hupitisha kisu kipana juu ya visiwa kuvikata vichwa. Siku inayofuata ni praima, kwa sababu tope kavu hunywa rangi kama chapati inavyokunywa mchuzi.

Inaonekana ni mchezo, na kwa muda mrefu ilikuwa hatari. Kwa miongo kadhaa tope na fila nyingi za Marekani zilitiwa asbesto ili zisipasuke. Ilifanya ile kazi ya nywele za ng'ombe, kwa nyuzi ambazo huwezi kuziona na ambazo mapafu hayawezi kuzitoa. Mwaka wa 1975 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa watafiti wa Mount Sinai, New York, akiwemo Irving Selikoff, uliopima vumbi wakati watu wakichanganya na kusugua fila hizi, zikiwemo zile ambazo mwananchi wa kawaida alinunua dukani akafanyie nyumbani. Waliikuta asbesto hewani, kwa viwango vya kutia hofu. Fikiria sebule, madirisha yamefungwa kwa baridi, baba anapiga msasa, watoto wako chumba cha pili. Mwaka wa 1977 serikali ikapiga marufuku fila za ukutani zenye asbesto. Nyumba zilizopakwa kabla ya hapo bado zina watu ndani, na ndiyo maana mwenye nyumba ya mwaka wa 1965 huambiwa apeleke kipande maabara kabla hajagusa msasa. Tope la siku hizi halina asbesto, lakini vumbi lake bado si la kuvutwa. Barakoa ile uliyobaki nayo tangu korona ni bora kuliko kitu bure, ingawa iliyo imara zaidi haigharimu sana. Au ulainishe kwa sponji yenye maji, vumbi lisipae kabisa.

Jambo ambalo video hazisemi sana ni kwamba mikwaruzo ya mkono ni migumu kurekebisha kuliko ukuta laini. Bomba limepasuka, bodi imeoza, umekata kipande cha futi mbili na kuweka kipya. Kukiziba ni saa moja. Kukifananisha na kilichokizunguka kunaweza kuchukua siku, kwa sababu aliyepaka ukuta ule alikuwa na urefu wake, uzito wake wa mkono, na asubuhi yake tofauti na jioni yake. Ukuta wa kwanza aliouanza una visiwa vidogo vya mtu makini, na wa mwisho una visiwa vikubwa vya mtu aliyechoka anayetaka kwenda nyumbani. Fundi wa marekebisho anayejua kazi yake hafungui ndoo kwanza. Anazima taa, analaza tochi ubavuni mwa ukuta, anatazama ncha za mikwaruzo zinaelekea wapi. Zikianzia kulia na kuishia juu kushoto, zote, ukuta baada ya ukuta, anaweza kuuhamisha mwiko kwenye mkono wake wa kushoto na kufanya mazoezi kwenye kipande cha bodi mpaka apatie.